Kumwombea Mtawala Anayekuua

Mwaka 1888 ulipokuwa ukielekea ukingoni, mkimbizi mmoja alivuka Ziwa Nyanza kwa mtumbwi akashukia Magu, upande ule ambako Mto Simiyu, baada ya kuzipita mbuga za Meatu na Maswa, humwaga maji yake ziwani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Watu waliomfuata walikuwa wachache, na mali aliyobeba haikudumu mikononi mwake, kwa maana wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na kituo pale Magu walimpokea kama mfungwa zaidi kuliko mgeni. Jina lake lilikuwa Mwanga. Hadi Septemba mwaka huo alikuwa Kabaka wa Buganda, mtu ambaye akinyoosha kidole kichwa cha mtu huanguka.

Akiwa katika dhiki hiyo, Mwanga alikumbuka kwamba Bukumbi, kusini ya mahali ulipo leo mji wa Mwanza, kulikuwa na mapadri Wafaransa. Mapadri Weupe, kama watu walivyowaita kwa kanzu zao, walikuwa wamefungua misheni hapo mwaka 1883. Akawapelekea habari kwamba anaomba hifadhi.

Fikiria ombi hilo lilivyosikika katika masikio ya Askofu Léon Livinhac na wenzake. Vijana waliowafundisha sala kwa mikono yao wenyewe, wakawabatiza na kuwapa majina ya watakatifu, walikuwa wamechomwa moto kwa amri ya huyu huyu. Wengine wao, kama Padri Siméon Lourdel, walikuwa wamezoea kusimama mbele yake wakimsihi awaache hai watu wao, naye hakusikia. Sasa alikuwa mlangoni, hana jeshi, hana kiti, anaomba pa kulala. Wakamfungulia. Mwanga akaishi Bukumbi, akalishwa, akaanza hata kufundishwa dini ileile aliyokuwa akiwaulia watu.

Naisimulia habari hii kwa sababu ilitokea katika nchi yetu ya Usukuma, na bado ni wachache wanaoikumbuka. Kwetu Kimali, kama ilivyo Bariadi mjini na katika vijiji vingi vya mkoa wa Simiyu, ibada ya Jumapili haikamiliki bila kuwataja viongozi wa taifa katika maombi. Rais anatajwa, wabunge wanatajwa, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, hadi mwenyekiti wa kijiji. Watu huitikia amina wakaendelea na wimbo. Wengi hudhani ni adabu tu, desturi ya kumpa mkubwa heshima yake. Lakini maombi hayo yamepita katika damu kabla ya kutufikia. Waliotangulia kuyasema kandokando ya ziwa hili waliyasema wakijua kwamba anayeombewa anaweza kuwaua kabla ya jua kuchwa.

Mwanga alirithi kiti Oktoba 1884, baba yake Mutesa alipofariki. Alikuwa mdogo, na alikuwa na hofu ambayo, kusema haki, haikuwa bure. Wajerumani walikuwa wanaanza kujitwalia nchi za pwani. Ndani ya kasri lake mwenyewe vijana wa baraza walikuwa wanajifunza kusoma, baadhi kwa Waislamu, baadhi kwa Waprotestanti wa mmisionari Alexander Mackay, baadhi kwa Wakatoliki. Vitabu vya kwanza vya Injili walivyosoma wengi wao vilikuwa vya Kiswahili, kwa kuwa Injili ya Kiganda ilikuwa bado inatafsiriwa na kupigwa chapa kidogo kidogo katika mashine ya Mackay. Na kijana aliyejua kusoma alianza kuwa na bwana mwingine ambaye Kabaka hakumwona.

Haikuwa mara ya kwanza kwa damu kumwagika kwa ajili ya dini katika nchi ile. Mwaka 1876 Mutesa aliwaua Waislamu takribani 70 pale Namugongo, kwa kuwa walikataa kumtii kinyume na imani yao. Ni vizuri Mkristo alikumbuke jambo hilo kila anapotaja Namugongo, ambako Wakristo nao walikuja kuuawa.

Mwishoni mwa Januari 1885 wavulana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa mahali paitwapo Busega, nje ya mji wa Kabaka. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington, aliyekuwa akija kutoka pwani kwa njia ya Umasaini, alikamatwa Busoga na kuuawa tarehe 29 kwa amri ya Mwanga. Hapo ndipo alipojitokeza mtu ambaye kwangu ndiye mwalimu mkubwa wa somo hili lote.

Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa vijana wa nyumba ya Kabaka na kiongozi wa Wakatoliki wa baraza. Wachache sana walikuwa karibu na mfalme kama yeye. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimwendea Mwanga akamwambia kwamba kumuua mgeni Hannington pasipo kumsikiliza lilikuwa kosa, na tena aliwazuia vijana wasichezewe na mfalme kwa matakwa yake ya mwili. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Mapokeo ya Kanisa yanasema alimtuma mnyongaji apeleke ujumbe kwa Mwanga: kwamba amemsamehe kwa kumuua bila hatia, lakini atubu, asipotubu watakutana mbele ya hukumu ya Mungu.

Ujumbe huo una nusu mbili, na watu hupenda kuchukua moja tu. Anayechukua msamaha peke yake humfanya Mukasa mtu mpole asiye na neno. Anayechukua karipio peke yake humfanya mpinzani wa kawaida. Mukasa alisema yote mawili kwa pumzi moja, akiwa amefungwa, kwa mtu aliyempenda.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwishoni mwa Mei 1886 Mwanga aliwakusanya vijana wake akawataka wanaosali wajitenge. Charles Lwanga, aliyeshika nafasi ya Mukasa, alitoka kwanza, wengine wakamfuata, na miongoni mwao alikuwamo Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Wakatembezwa hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwa Bwana, wakafungwa katika mafungu ya matete wakachomwa. Kanisa Katoliki linawahesabu mashahidi 22, na Paulo VI aliwatangaza watakatifu Oktoba 1964. Waanglikana wanawahesabu wao 23. Waliochomwa siku ile Namugongo walikuwa Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, ingawa walimu wao Wazungu walikuwa hawapatani.

Miaka miwili baadaye Mwanga alitaka kuwaondoa wote kwa pamoja, Wakristo na Waislamu, kwa kuwapeleka kisiwani na kuwaacha huko wafe. Siri ikavuja. Wakamwasi wakamwondoa. Ndipo alipokimbilia kusini, na ndipo hadithi inapofika tena Magu na Bukumbi. Oktoba 1888 upande wa Waislamu nao ukawapindua Wakristo katika mji mkuu, misheni zikaporwa, na wamisionari wa madhehebu yote mawili wakafukuzwa kwa mashua moja. Njiani kiboko aliigonga mashua hiyo, baadhi ya vijana waliokuwamo wakazama. Waliobaki wakafika Usukuma wakiwa hawana kitu. Kwa hiyo siku Mwanga alipobisha hodi Bukumbi, mgeni na wengi wa wenyeji wake walikuwa wamefukuzwa Buganda katika misukosuko ya mwaka uleule.

Wakristo wa Buganda waliokimbilia Ankole walikuwa na shida nyingine. Walihitaji mfalme ili warudi nyumbani, na wana wengine wa Mutesa hawakuwa upande wao. Wakatuma wajumbe kuja ng'ambo hii ya ziwa, kwa Mwanga. Mackay, ambaye tangu 1887 alikuwa Usambiro, kusini ya ziwa, hakulipenda jambo hilo. Aliona ni ajabu kumrudishia upanga aliyeutumia vibaya, na sidhani alikosea kuwa na wasiwasi. Lakini Waganda wenyewe waliamua. Mwaka 1889 mfanyabiashara Charles Stokes, aliyewahi kuwa mmisionari, alimpakia Mwanga katika mashua yake akampeleka hadi visiwa vya Ssese. Kutoka huko Mwanga alimwandikia Mackay barua ya mtu aliyenyenyekea: anaomba msaada, anaomba ya zamani yasikumbukwe, anasema zamani hakumjua Mungu. Wamisionari wawili, Gordon na Walker, wakaenda kukaa naye visiwani. Oktoba mwaka huo Mwanga aliingia tena katika mji wake, akiwa amebebwa na ndugu na marafiki wa watu aliowachoma.

Natamani ningeweza kuishia hapo. Ukweli hauruhusu. Waliosamehe walipopata nguvu, waligawana vyeo vya nchi kwa mizani ya dhehebu, na Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao pale Mengo, bunduki ya Maxim ya Mwingereza Kapteni Lugard ikiamua nani ashinde. Wengi waliokufa siku hiyo walikuwa wamebatizwa. Watu walioweza kumwombea mwuaji wao hawakuweza kumvumilia jirani aliyesali kwa namna nyingine. Mwanga mwenyewe aliwaasi Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899 akapelekwa Ushelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903.

Huku kwetu, kituo cha Nassa, ambacho leo kimo ndani ya wilaya ya Busega katika mkoa huu wa Simiyu, kilikuwa mikononi mwa Waanglikana wa CMS, watu wa shirika lilelile la Mackay na Hannington. Mwaka 1909 walikikabidhi kwa Africa Inland Mission, na kutoka hapo likakua Kanisa la Africa Inland ambalo Wasukuma wengi wanalijua kama kanisa la mama na bibi zao. Wakatoliki nao walienea kutoka Bukumbi. Njia zote mbili za Injili kuingia Usukumani, basi, zinaanzia kwa watu waliokuwa na makaburi ya Buganda katika kumbukumbu zao. Na walikuta watu ambao kumwombea mtawala haikuwa jambo geni kwao. Msukuma wa zamani alijua kwamba afya ya ntemi inagusana na mvua na mavuno, na alijua pia kwamba ntemi ambaye nchi inakauka mikononi mwake anaweza kuondolewa. Utemi ulifutwa kisheria mwanzoni mwa uhuru, lakini wazo kwamba mkubwa ana deni kwa walio chini yake halikufutika nao.

Tuvuke tena ziwa.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais wa Uganda, Milton Obote, aliyekuwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola. Wengi Kampala walishangilia barabarani. Septemba 1972 Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alitolewa ndani ya Mahakama Kuu mchana na makachero, hakuonekana tena. Februari 1973 watu walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa ili wananchi waone. Mjini Kabale, askofu mpya wa Kigezi, Festo Kivengere, aliruhusiwa kusema na watu watatu waliokuwa wamefungwa uwanjani wakisubiri kufa. Alikwenda akitafuta la kuwaambia, akakuta wao ndio wenye la kumwambia yeye, kwamba wana amani na Mungu. Kivengere hakuwa mgeni kwa Watanzania. Alikuwa mwalimu Dodoma kwa miaka mingi kabla ya uhuru, na alikuwa mtoto wa uamsho ule uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda, Bukoba hadi Kenya, uamsho wa watu kuungama dhambi zao hadharani na kutengeneza na waliowakosea.

Kutoka uamsho huohuo alitoka Janani Luwum. Alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, wilaya ya Kitgum, Mwacholi, mwalimu wa shule aliyeokoka mwaka 1948. Mwaka 1969 akawa askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1974 Askofu Mkuu wa jimbo lililokusanya Uganda, Rwanda, Burundi na Boga iliyo mashariki ya Kongo. Walikuwapo waliomnung'unikia kwamba yuko karibu mno na serikali, anaonekana katika hafla za Amin. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa akienda mwenyewe hadi ofisi za makachero kuulizia waliokamatwa, kazi ambayo asiyejulikana Ikulu asingeithubutu. Mwaka 1976 alikaa na viongozi wa Wakatoliki na Waislamu kuzungumzia hali ya nchi, na Amin hakulipenda hilo hata kidogo.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977, saa saba na nusu hivi, mbwa alibweka nyumbani kwa Askofu Mkuu, Namirembe. Luwum aliamka, akachungulia dirishani, akaona mtu anayemfahamu akiwa amesimama mlangoni, ana majeraha usoni, anaomba afunguliwe. Alifungua kwa kudhani ni mtu aliye taabani. Wanajeshi waliojificha gizani wakaruka, mmoja akamsukumia mtutu wa bunduki tumboni, wakadai awaonyeshe silaha. Yule mtu alikuwa amefungwa pingu, aliletwa awe chambo.

Luwum mwenyewe aliyaandika maelezo ya usiku ule, na jibu alilowapa ndilo linaloniteka kila ninapolisoma. Aliwaambia kwamba katika nyumba ile hakuna silaha, kwamba ni nyumba ya Mungu, na kwamba humo wanamwombea Rais, wanaviombea na vyombo vya usalama, hata vifanye nini. Kazi yao ni kuhubiri na kuwaombea watu, siyo kuweka bunduki. Hakuyasema hayo kwa kujipendekeza, kwani mtutu ulikuwa bado tumboni. Wakapekua vyumba, wakapekua chini ya vitanda, wakapekua ghala la chakula na kikanisa cha nyumbani. Hawakupata kitu. Walipotaka kutoka, wakaomba lango lifunguliwe. Mama Mary Luwum akawaambia watoke kwa njia waliyoingilia, yaani kwa kuruka ua. Nani angemlaumu mama huyo? Mumewe akasema sisi ni Wakristo, na kama ushuhuda kwao, lango likafunguliwa.

Siku chache baadaye maaskofu wa Kanisa la Uganda walikutana. Yaliyotoka katika mkutano huo ni barua kwa Amin, yenye tarehe 10 Februari 1977, ambayo naiona miongoni mwa maandishi makubwa ya Afrika Mashariki. Inamwita Rais kwa heshima zake zote. Kisha inamwambia kwamba bunduki iliyopaswa kumlinda raia wa Uganda na mali yake sasa inatumika kumnyang'anya uhai na mali hiyo. Inamwambia kwamba mtutu uliowekwa tumboni mwa Askofu Mkuu umeelekezwa kwa kila Mkristo. Inamwambia kwamba maaskofu wamezika watu wengi waliopigwa risasi, na kwamba wengine wengi hata maiti zao hazijapatikana. Wakaweka sahihi zao chini, majina yao kamili, kila mtu na dayosisi yake.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Mbele ya wanajeshi waliopangwa juani katika viwanja vya Nile Mansions, silaha zilizodaiwa kukamatwa zilitandazwa chini, zikasomwa tuhuma za njama, na askari wakapiga kelele kwamba wahaini wauawe. Luwum alimnong'oneza Kivengere kwamba watamuua, na kwamba haogopi. Kisha maaskofu wakaruhusiwa kwenda, isipokuwa yeye, akaambiwa Rais anamtaka. Kivengere na Askofu Silvanus Wani, aliyekuwa wa kabila moja na Amin, walijaribu kumsubiri nje hadi walipofukuzwa kwa bunduki. Kesho yake redio ikatangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Waliouona mwili wa Luwum waliona matundu ya risasi.

Serikali haikuutoa mwili uzikwe Kampala, ukapelekwa Mucwini. Lakini pale Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, kando ya kaburi la Hannington, yule aliyeuawa kwa amri ya Mwanga. Jumapili ya tarehe 20 umati ulijaa kanisani na nje, hofu au hakuna hofu, wakasimama kuzunguka shimo lisilo na mtu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha kaburi jingine lililokuwa tupu, asubuhi ya Pasaka, na maneno ya malaika kwa wanawake waliokuja na manukato. Watu wakaimba.

Kivengere na mkewe Mera walikuwa wameshakimbia kwa miguu, wakavuka milima usiku hadi Rwanda. Alikiri baadaye kwamba alitoka na chuki. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo alikuwa London kanisani, na maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha wauaji wake yakamshika, akaona kwamba hayakumwacha Amin nje. Akaandika kitabu kwa Kiingereza ambacho jina lake tu liliwaudhi wakimbizi wenzake wengi: lilitamka kwamba anampenda Idi Amin. Wenye hasira walikuwa na haki ya kuudhika, walikuwa wamepoteza wana na waume. Lakini Kivengere hakutumia upendo huo kufunika kitu. Alizunguka dunia akieleza mauaji ya Amin kwa majina ya watu na mahali, na Amin angefurahi zaidi kama mtu huyo angemchukia kimyakimya.

Septemba 1977 Amin alipiga marufuku madhehebu zaidi ya ishirini, akabakiza Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi. Wapentekoste, Wabaptisti, Wasabato, Jeshi la Wokovu, wote wakawa wahalifu kwa kusali tu. Wakahamia sebuleni, vichakani na usiku. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, Mwalimu Nyerere akaitangazia nchi vita, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo zilikuwa mkoa wa Shinyanga. Vijana walioingia katika jeshi na mgambo hawakuulizwa ni wa mkoa gani, na walioachwa nyumbani waliomba warudi. Amin alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, hajawahi kusimamishwa mbele ya mahakama yoyote.

Swali moja linabaki, na haifai kuliruka. Je, mtu anayeonewa amwombee mtawala abadilike, au aombe utawala wake uishe? Mwaka 1985 makanisa ya Afrika Kusini yaliulizana hilo waziwazi. Baraza la Makanisa la nchi hiyo lilitoa wito kwamba tarehe 16 Juni, siku ya kukumbuka watoto waliouawa Soweto, Wakristo waombe mwisho wa utawala dhalimu. Ugomvi mkubwa ukazuka. Baadhi ya viongozi wa makanisa walisema Paulo alimwagiza Timotheo kuwaombea wafalme, hakusema waombewe waanguke. Waliotoa wito walijibu kwamba Paulo alitaja sababu ya maombi hayo, ili watu waishi kwa utulivu na amani, na utawala unaowapiga watoto risasi umekwisha kuikataa sababu hiyo. Mimi nakubaliana nao. Hata hivyo naona kwamba Luwum, aliyemwombea Amin hadi mwisho, na wale waliomwomba Mungu amwondoe Rais Botha wa Afrika Kusini, hawakuwa mbali kama walivyodhaniwa. Wote waliomba wakiwa upande wa aliyeonewa, na wote walimwambia mtawala jambo hilo usoni.

Tanzania haijawahi kuwa Uganda ya Amin, tumshukuru Mungu. Lakini hata hapa maombi na ukweli vimewahi kuachana na kukutana tena. Kwaresima ya mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe, na maaskofu Walutheri wa KKKT wakatoa waraka wao wa Pasaka, uitwao Taifa Letu, Amani Yetu, wakizungumzia uhuru wa watu kusema, usalama wa raia na haja ya katiba mpya. Barua kutoka ofisi ya serikali ikawataka Walutheri waufute waraka wao. Muda mfupi baadaye waziri aliyehusika akaikana barua hiyo. Maaskofu hawakuufuta. Na Jumapili zilizofuata waliendelea kumwombea Rais kwa jina, kama walivyokuwa wakifanya kabla, na sioni kwamba kuna lililopingana na jingine.

Kwako wewe unayeshika zamu ya maombi Jumapili ijayo, uwe Kimali, Nassa, Bukumbi au ugenini: mtaje Rais, na usione haya kumtaja kwa upendo. Kisha, kabla watu hawajaitikia amina, mtaje kwa jina aliye mahabusu bila kosa, mtaje aliyetoweka ambaye mama yake bado anamsubiri, na kama ni Mwislamu au mtu wa chama usichokipenda, mtaje vilevile. Ukimaliza ibada, kama kuna barua inayopaswa kuandikwa, iandike, uweke na sahihi yako. Na ikifika tarehe 16 Februari, litaje jina la Janani Luwum. Nchini Uganda siku hiyo ni sikukuu ya taifa tangu mwaka 2015.